Vidole vya Mama Dolat

Mama Dolat halali mchana. Anasinzia tu, na ukimwambia amelala atakubishia mpaka jioni, kwa sababu kulala mchana ni kwa watu wasio na kazi. Kila siku saa saba na robo, akishamaliza wali wake, huketi kwenye kiti chake kando ya dirisha, hupakata mkoba wake mweusi, na kidevu hushuka kifuani polepole. Saa nane kasorobo kidevu hupanda, naye huuliza kama kuna chai, kwa sauti ya mtu aliyekuwa macho muda wote.

Winfred alikuwa na miezi kumi na minne kwenye lile duka la uchapaji huko Downsview, Toronto, meza yake ikitazamana na kiti hicho, na hata siku moja hakuwahi kuangalia vidole vya yule mama. Nani aangalie vidole vya mtu anayesinzia? Lakini Jumatatu ile ya Februari alianza kuviangalia, na sababu yake aliijua vizuri. Jumamosi iliyopita, nyumbani kwao Nkubu, baba yake alisikiliza taarifa ya habari ya saa saba, akazima redio, akasema acha apumzike kidogo pale pale kwenye kiti. Hakuamka. Ndiyo maana kidevu cha Mama Dolat kiliposhuka, Winfred alishika pumzi na kutafuta kitu chochote kwenye mwili ule kinachocheza.

Vidole vilikuwa vinacheza. Kile cha pete, cha mkono wa kushoto, kiligonga mkoba mara moja, kikatulia, kikagonga tena. Winfred akashusha pumzi na kurudisha macho kwenye skrini, ambako kulikuwa na picha ya baba yake amevaa suti ya kahawia.

Mazishi yalipangwa Ijumaa. Winfred asingeenda. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinangoja kuongezwa muda, na mwanasheria alimwambia bila kuzunguka kwamba akitoka Kanada wakati huo, huenda mlango usifunguke tena. Alilia Jumapili nzima katika chumba chake kule St. James Town, ghorofa ya kumi na saba, na jirani akapandisha sauti ya televisheni ili asisikie au ili asionekane amesikia. Ndugu zake, kwa huruma, au kwa kutojua wampe nini kingine, walimpa kijitabu cha mazishi akipange.

Anayeyajua mazishi ya kwao anajua kwamba kijitabu si karatasi tu ya kujipepea jua likiwa kali, ingawa wengi hujipepea nacho. Mahema yatakunjwa, sufuria za kukodi zitarudishwa, lakini kijitabu kitakaa ndani ya Biblia ya mtu miaka thelathini. Watu hawaanzi kwa kusoma historia ya marehemu. Wanaanza na majina: nani katajwa, katajwa wa ngapi, na ndani ya mabano kaandikiwa nini. Kinoti, benki. Abigael, hospitali. Winfred, Kanada. Wakishatosheka na majina wanahamia kwenye picha, na hapo ndipo maneno huanza.

Picha za watoto zilikuwa ukurasa wa tisa. Kinoti, kaka yao mkubwa, alishatoa agizo kwenye kundi la familia: kila mtoto na picha yake akiwa na Baba. Watoto sita, picha sita. Tano zilifika siku ile ile, kila moja na tabasamu lake. Ya sita, ya Winfred, haikuwepo.

Si kwamba hawakupendana. Wale wawili walipendana mpaka wengine wakaona wivu. Winfred alipokuwa kidato cha pili, baba yake, mwalimu mkuu, alirudi nyumbani na kamera ya chama cha picha cha shule, chama kilichokuwa kimekufa kwa kukosa wanachama, akamwekea mkononi. Kabla ya hapo nyumba yao haikuwa na kamera, na tangu siku hiyo Winfred hakuonekana kwenye picha ya familia. Harusi, ubatizo, Krismasi, yeye alikuwa nyuma ya kamera. Siku ya mahafali yake mwenyewe alimwazima kamera binamu mmoja ili apigwe picha pamoja na Baba, na yule bwana akawapiga picha kuanzia shingoni kwenda chini. Hiyo ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo pamoja, joho na suti, bila vichwa.

Kinoti alimpigia asubuhi ya Jumatatu ile, jioni kwao.

"Winnie, watu watahesabu," alisema. "Watoto sita, picha tano. Unajua vile watu wa huku wako. Shangazi ashaanza kusema ulipotelea huko."

Winfred alijibu kwamba hana picha.

"Basi tengeneza. Si ndiyo kazi yako? Jiweke hapo kando ya Baba, nani atajua? Lakini Jumatano jioni yako faili iwe imetoka, mwenye mashine anachapa Alhamisi asubuhi."

Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na nyuma yake Winfred alisikia watu wakiburuta viti. Alipokata simu, Winfred alibaki na simu sikioni, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kumwambia mtu, shika hii kamera vizuri, na mimi nisimame hapo.

Inafaa kusema ukweli kuhusu kazi yake. Winfred alikuwa mpiga picha. Kupanga kurasa alijifunza Nairobi kwa kubahatisha, na hapa dukani aliendelea kubahatisha, akipanga kurasa kama mtu anayepika kwenye jiko la wenyewe, anafungua kila droo kutafuta kijiko. Kila jambo alilitafuta kwa kipanya, kwenye orodha moja chini ya nyingine, mpaka mkono unauma. Mama Dolat ndiye aliyekuwa bingwa. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na kiwanda cha uchapaji Moshi, wakipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, na walipohamia Toronto alianza upya, akajifunza kompyuta akiwa na miaka arobaini. Mwanawe Alykhan, mwenye duka sasa, alisema kwa Kiingereza chake cha hapa hapa kwamba alipokuwa mtoto alidhani kompyuta inamwogopa mama yake. Mama hakugusa orodha hata moja. Vidole vilipita juu ya vitufe na ukurasa ukajipanga.

Siku hizi alikuwa anasahau. Alykhan alikuja naye dukani kila siku kwa sababu hakutaka abaki peke yake nyumbani Don Mills, akawasha jiko na kulisahau. Alisahau majina ya wateja, alisahau kama ameshakula. Lakini Kiswahili hakukisahau, na alipomkuta Winfred dukani siku ya kwanza, alimshika mikono yote miwili kama ndugu aliyepotea. Winfred aliwahi kumwomba amfundishe zile njia zake za mkato. Mama Dolat alikaa mbele ya kibodi, akanyoosha vidole, akangoja. Hakuna kilichokuja.

"Sijui, mwanangu," alisema mwishowe, na uso wake ulisinyaa. "Nilikuwa sijui kwa kichwa hata zamani. Mikono ndiyo iliyokuwa inajua."

Winfred hakumwuliza tena.

Kidole cha pete kikagonga mkoba. Nje theluji ilikuwa inashuka juu ya maegesho, kimya, na mashine ya kukunja karatasi nyuma ya ukuta ilikuwa inavuma kwa mdundo mmoja usiobadilika. Hewa ya moto kutoka kwenye matundu ya dari ilimletea Winfred uzito wa macho. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumamosi, na kila kitu kilikuwa kinamfikia kwa kuchelewa kidogo, sauti, mwanga, hata mikono yake mwenyewe. Katika hali hiyo ndipo alipogundua kwamba mikono ya Mama Dolat haikulala ovyo juu ya ule mkoba. Wa kushoto ulitandazwa, vidole vimeachana. Wa kulia ulikunjwa kidogo, kama umeshika kipanya.

Aliuweka mkono wake wa kushoto kwenye kibodi vile vile, na kidole cha pete kilipogonga kule, yeye akagonga huku. Kidole kiliangukia W.

Mistari yote ikatoweka. Ile mistari ya rangi inayozunguka kila picha na kila fungu la maneno, ambayo Winfred alizoea kuivumilia mpaka mwisho wa kazi, iliondoka yote kwa mpigo, na ukurasa ukabaki mweupe na safi, tayari kama umeshachapwa. Baba yake akawa amesimama pale katikati bila uzio. Winfred akagonga tena, mistari ikarudi. Akagonga, ikaondoka. Alicheza hivyo kwa dakika nzima, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijikuta anataka kucheka.

Basi akawa mwizi. Jumanne hakula mchana. Alikaa anamngoja yule mama asinzie. Saa saba na robo kidevu kilishuka, na baada ya muda vidole vikaanza. Safari hii kidole kidogo cha kushoto kilibonyea pembeni na kubaki hapo, na cha pete kikagonga juu. Winfred akafuata bila kufikiri. Programu yote ikaanza kujifunga. Kompyuta ikamuuliza kwa adabu kama anataka kuhifadhi kazi ya baba yake au hataki. Alihifadhi haraka. Alipomtazama Mama Dolat akamkuta anatabasamu usingizini. Kumbe huko aliko alikuwa amemaliza kazi na kufunga duka.

Alifungua tena. Theluji ilikuwa haijakoma. Tangu mwezi uanze jua halikuonekana, na mchana wa Downsview ulikuwa na mwanga wa kijivu usio na upande, mwanga ambao mtu hupita ndani yake bila kivuli. Kidole gumba cha kushoto cha Mama Dolat sasa kilikuwa kimelalia mkoba, kizito, na kidole cha shahada cha kulia nacho kikabonyea, vyote viwili pamoja, na mkono wa kulia ukasogea taratibu. Kidole gumba, maana yake kitufe kirefu cha nafasi. Winfred akakishikilia, akabonyeza kipanya, akashikilia vyote.

Ukurasa ukamkimbia. Ulirudi nyuma na kushuka chini, mdogo, mdogo zaidi, na kando yake zikatokea kurasa nyingine, mbili mbili, mpaka kijitabu kikawa kimetandazwa chini yake chote, kama yale mashamba ya majani chai aliyoyaona kwa dirisha la ndege siku aliyoondoka. Kijisanduku chekundu kilifuata mkono wake. Maisha ya baba yake yalikuwa pale chini: shule aliyosoma, shule alizofundisha, harusi, wajukuu. Aliposogeza mkono alipita juu yake bila sauti. Na alipoachia vidole, alishuka pale pale palipokuwa na kijisanduku, kwenye ukurasa wa tisa, mbele ya fremu tupu iliyokuwa inamngoja.

Alipaa na kushuka mara nyingi mchana ule. Alitambua sharti lake: ukiwa umeshikilia, uko huko juu, ukiachia, umerudi mahali pamoja. Mama Dolat alipoamka na kuuliza kama kuna chai, Winfred alimletea kikombe na kumbusu kwenye paji la uso. Yule mama akamuuliza kulikoni. Winfred akamwambia amemfundisha kitu. Mama Dolat alikunywa chai yake na kusema hilo si jambo la ajabu, yeye amefundisha watu wengi.

Jumatano hakukuwa na mchezo. Faili ilitakiwa kutoka kabla duka halijafungwa saa kumi na moja, na fremu ya sita ilikuwa bado tupu. Alykhan alipita asubuhi, akaiona, akamwambia achukue siku nzima, kazi nyingine zitangoja. Wema ule ulimwongezea mzigo. Saa sita Winfred aliamua kufanya alichoambiwa na Kinoti.

Alichukua picha ya baba yake akiwa na suti ya kahawia. Aliipiga mwenyewe, siku Baba alipostaafu, na aliwahi kuitumia kwenye kijitabu cha sherehe ile. Aliinakili kutoka faili la zamani na fremu yake, kama ilivyokuwa. Baba amesimama mbele ya ofisi yake ya shule, amekatwa magotini, mikono nyuma, anatazama mbele. Kisha akatafuta picha yake mwenyewe, ile aliyopigwa kanisani na watu wa jumuiya mwezi wa Desemba, akajikata kwa uangalifu kandokando ya nywele na mabega, akajisimamisha kando ya baba yake.

Ilikaa vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza. Mtu asiyejua angeamini. Lakini Winfred aliyekuwa kwenye picha alikuwa anamcheka mtu mwingine, kwenye chumba kingine, na mwanga uliompiga usoni ulikuwa wa taa za ukumbi wa chini wa kanisa la Toronto. Baba yake alikuwa juani. Walisimama bega kwa bega na hawakuwa pamoja. Yule mzee alimchapa mara moja tu maishani, darasa la sita, kwa kuandika kwenye insha kwamba alimtembelea bibi yake likizo wakati hakwenda. Sasa Winfred alikuwa anamwandikia insha nyingine kama ile, na safari hii hakuwa na wa kumchapa. Winfred alilia kidogo, akafuta miwani, akaendelea. Watu watahesabu.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Baba alihitaji kusogea kushoto ndani ya fremu yake ili binti apate nafasi. Saa saba na nusu Winfred aliweka kipanya katikati ya picha ya baba yake, akabonyeza, na kabla hajavuta akamtupia macho Mama Dolat, kwa mazoea tu, kuhakikisha anapumua.

Mkono wa kushoto wa Mama Dolat ulikuwa umeanguka pembeni, hauna kazi. Wa kulia ulikuwa juu ya mkoba, na kidole cha shahada kilikuwa kimebonyea kwenye kifungo chake cha shaba. Kimebonyea na kubaki. Hakikuinuka, hakikusogea. Winfred alingoja kiinuke. Yeye mwenyewe huvuta mara moja; hajawahi kubonyeza kitu bila kukivuta papo hapo, ni mtu wa haraka, tangu utotoni aliambiwa. Lakini kidole kile kilikaa tu, hakina wasiwasi, na kifua cha yule mama kikapanda, kikashuka. Winfred alisahau kwamba kidole chake pia kiko chini. Walingoja wote wawili, mmoja akiwa macho na mwingine akiwa huko aliko.

Aliporudisha macho kwenye skrini, picha ilikuwa imekua.

Nje ya fremu, pande zote, sehemu za picha zilizokatwa zilikuwa zimetokeza, hafifu, rangi zake zimepauka, lakini zote zipo. Ukuta wa ofisi uliendelea. Ndoo ya maua iliyokuwa pembeni ilikuwepo. Chini, magoti ya baba yake yalishuka kuwa suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ikaweka mstari, na viatu vyeusi alivyovipaka rangi mwenyewe asubuhi ile, akikataa kusaidiwa. Na mbele ya viatu, juu ya udongo mwekundu wa uwanja wa shule, kulikuwa na kivuli.

Kilikuwa kirefu, cha jua la saa kumi. Kilianzia ukingo wa chini wa picha na kulala mpaka miguuni pa Baba, na kichwa chake kiligusa ncha za viatu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimepanda juu kuliko cha kulia. Mguu mmoja ulikuwa umegeuzwa nje.

Winfred alikitazama kwa muda kabla hajakumbuka. Alikuwa amekikata mwenyewe. Kivuli cha mpiga picha ni dosari, ndivyo walivyofundishwa chuoni, na mwanafunzi aliyeleta picha yenye kivuli chake alichekwa darasa zima. Kwa kijitabu cha kustaafu alikuwa amepandisha ukingo wa fremu mpaka magotini, akafurahi kwamba picha imekuwa safi. Hakuna mtu aliyemtoa kwenye picha ya baba yake. Alijitoa kwa mikono yake, na akajipongeza.

Hakuthubutu kuinua kidole. Aliogopa kwamba akiinua kitaondoka, na kweli, alipochoka na kuachia, vyote vikarudi gizani, akabaki Baba aliyekatwa magotini na yule binti wa ukumbini. Alibonyeza tena. Alingoja. Kikarudi, polepole, kilekile.

Basi alimfuta yule binti. Akashika ukingo wa chini wa fremu na kuushusha, kidogo kidogo, akapita magoti, akapita viatu, mpaka kivuli chote kikawa ndani. Ilibidi picha za wenzake watano zipungue kimo ili ya sita ipate urefu, na alizipunguza bila kumwomba mtu ruhusa. Chini yake aliandika maneno yale yale aliyoandika chini ya za wengine: Baba na Winfred. Akagonga W ili mistari iondoke, akaangalia mara moja, akatuma saa tisa na dakika kumi.

Mama Dolat alikuwa ameshaamka. Alisimama nyuma yake na kikombe mkononi, akainama kwenye skrini kwa muda mrefu.

"Huyu baba anamtazama nani?" aliuliza.

Winfred alimshika mkono, ule wa kulia, na yule mama akamwachia aushike, na chai ikapoa.

Alhamisi saa tatu asubuhi Kinoti alipiga. Winfred alikuwa ndio kwanza ameteremka kwenye basi la kutoka kituo cha Wilson, theluji ikilia chini ya viatu, na alisimama katikati ya maegesho ili asikie. Vijitabu vilikuwa vimechapwa, mia nne. Kinoti alivisifu, karatasi, rangi, majina yamekaa sawa. Winfred akajua kuna kingine kinachokuja.

"Nilipofungua hapo kwa watoto nilikasirika," alisema. "Nikasema, huyu Winnie ametuaibisha, ameweka picha ya Baba peke yake na kuandika jina lake. Nikaenda nacho kwa Mama nimwonyeshe ulivyokosea."

Winfred alimwuliza Mama alisema nini.

"Aliweka kidole kwa kile kivuli. Akaniuliza, Kinoti, kwani wewe humjui dada yako anavyosimama?" Kinoti akaendelea. "Halafu akashika hicho kijitabu akaanza mwanzo. Anaweka kidole kwa kila picha ya Baba. Hapa anamtazama Winfred. Hapa anamtazama Winfred. Hata ya harusi ya Abigael, Winnie. Sisi wote tunatazama bibi harusi, yeye anakutazama wewe. Sasa amekishika, amekataa kukiachilia, watu wanakuja kumpa pole na yeye anawaonyesha."

Winfred hakukumbuka jinsi alivyoingia dukani. Alijikuta mezani na koti bado mwilini. Alifungua faili. Kando ya dirisha Mama Dolat alikuwa anafungua mkoba wake akitafuta miwani iliyokuwa tayari usoni, na nyuma ya ukuta mashine ya kukunja ilianza kuvuma. Winfred aliweka kidole gumba kwenye kitufe cha nafasi na kile cha shahada kwenye kipanya, akabonyeza vyote viwili.

Akapaa. Kurasa zilirudi nyuma, mbili mbili, kumi na sita, mpaka zikawa zote chini yake. Baba alikuwa kwenye karibu kila moja, kijana mwenye afro, bwana harusi, mwalimu na chaki mkononi, mzee wa suti ya kahawia, mdogo kama ukucha, na kote alikoonekana uso wake ulikuwa umeinuliwa kuelekea mahali alipokuwa Winfred. Za ujana wake zilipigwa na watu wengine, kabla Winfred hajazaliwa. Hata hizo, asubuhi ile, alizihesabu kuwa zake.

Alykhan alipita akamsalimu, akaona, akaenda zake. Kidole gumba kilianza kufa ganzi. Winfred hakukiinua.